Dada wa Mstahiki Meya

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani. Zamani ilikuwamo, lakini wizara moja iliazima ramani kwa ajili ya semina na mpaka leo haijairudisha. Msomaji asihangaike kuitafuta. Atosheke kujua kwamba mji wake mkuu unaitwa Taratibu, kwamba mimi ni karani wa masjala katika Halmashauri ya Jiji hilo, na kwamba kazi yangu ni kuandika mambo yalivyotokea, si kuyacheka. Wa kuyacheka wana idara yao.

Mwaka huo Halmashauri yetu ilipitisha Sheria Ndogo ya Heshima ya Mfanyakazi. Ilikuwa sheria nzuri, niliichapa kwa mikono yangu. Kila mfanyakazi apewe mkataba wa maandishi. Apumzike siku moja kwa wiki na apate likizo ya siku ishirini na nane kwa mwaka. Asifukuzwe bila sababu ya maandishi, na sababu hiyo isiwe "nimemchoka tu". Kifungu cha nne kilimtaka kila mwajiri ampe mfanyakazi wake kiti, maana utafiti wa miaka mitatu ulikuwa umegundua kwamba wafanyakazi nao hukaa.

Mstahiki Meya wetu, Erasto Kapundila, aliizindua uwanjani kwa hotuba ya saa mbili na nusu. Wageni waalikwa walikaa chini ya turubai. Wafanyakazi walisimama juani, kwa sababu viti vyao vilikuwa bado kwenye mchakato.

"Kuanzia leo," alisema Mstahiki Meya, "mfanyakazi wa Taratibu ni mfalme. Na mfalme, ndugu zangu, hapigi deki bila mkataba."

Wafanyakazi walipiga makofi mpaka mikono ikawawasha. Wengine walilia. Mimi pia nililia, kisha nikaandika kwenye daftari kwamba nimelia.

*

Lazima nieleze kwa nini nilikuwa nyumbani kwa Mstahiki Meya jioni ile. Kuna siku aliwahi kukana jambo alilolisema mezani, mkewe Mama Vika akamkumbusha neno kwa neno mbele ya wageni. Tangu hapo aliamuru mazungumzo yake yote yaandikwe, hata ya nyumbani. Kwa hiyo nilikuwa nakaa pembeni ya kabati la vyombo na daftari langu, na familia ilishanizoea.

Chai ililetwa na Zawena, mama wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, ambaye alikuwa na miaka ishirini na miwili katika nyumba ile. Alipika, alifua, alipiga pasi, alimlea binti yao Vika tangu mchanga. Jikoni palikuwa pake peke yake, na hakuna chombo hata kimoja kilichobeba kile kilichoandikwa juu yake. Maharage yalikaa kwenye ndoo ya rangi. Chumvi ilikaa kwenye kopo lililoandikwa Sukari. Sukari ilikaa kwenye kopo la maziwa ya mtoto, lenye picha ya mtoto mnene anayecheka, ambalo Vika alilimaliza akiwa na miezi sita na Zawena akalitunza. Kiti hakikuwepo. Alipotaka kukaa alikalia mbuzi ya kukunia nazi.

Aliweka chai mezani, hakuondoka.

"Baba, samahani," alisema. "Nimeisikia redioni ile sheria yako. Naomba hiyo likizo."

Mstahiki Meya alitabasamu, akidhani anasifiwa. Kisha alielewa, akaliweka tabasamu pembeni.

"Likizo ya nini tena, Dada?"

"Mwanangu Sikujua atajifungua mwezi ujao. Mimba yake ya kwanza. Nataka nikamwangalie mpaka atoke arobaini, ila hata hizo ishirini na nane nitashukuru."

Huyo aliyeitwa Sikujua ni binti yake wa pekee. Alikuwa na miezi minne Zawena alipomwacha kwa bibi yake, mbali huko mikoani, ili aje kumlea Vika. Katika miaka ishirini na miwili Zawena alikwenda kwao mara mbili, mara zote kuzika, na mara zote alirudi siku ya tatu.

"Mwanangu sikumlea, Baba," alisema. "Nilimlea Vika, wala sijuti. Ila huyu mjukuu nimemwahidi mama yake kwamba nitamwogesha kwa mikono yangu."

"Nitalishughulikia," alisema Mstahiki Meya. Katika jiji la Taratibu neno hilo maana yake ni hapana, lakini husemwa kwa sauti ya ndiyo.

Tatizo halikuwa roho mbaya. Tatizo lilikuwa kwamba mwezi huohuo ndio familia ya Waziri wa Maji ingekuja kumposa Vika. Nyumba ingejaa wageni, na mle ndani ni Zawena tu aliyejua pilau inapikwaje. Tatizo jingine lilikuwa kifungu cha kumi na moja, ambacho kilisema jina la mwajiri atakayemnyima mfanyakazi likizo litabandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na picha yake. Mstahiki Meya alikuwa amekiandika mwenyewe, siku aliyokuwa na furaha.

*

Asubuhi yake aliitwa Wakili Tabaruki, mwanasheria wa Jiji, ambaye anaweza kusoma sheria yoyote mpaka ikasema anachotaka. Aliisoma ile Sheria Ndogo akiwa amesimama, kisha akakaa, ikawa dalili njema.

"Kifungu cha tisa," alisema. "Sheria hii haitamhusu ndugu wa mwenye nyumba anayesaidia kazi za nyumbani. Huyu mama mnamwitaje humu ndani?"

"Dada," alijibu Mama Vika. "Sisi sote tunamwita Dada."

Wakati huohuo Vika aliita kutoka chumbani, "Dada, niletee maji."

Wakili alifunga kitabu. "Ushahidi umekamilika. Hakuna mfanyakazi katika nyumba hii. Kuna dada wa Mstahiki Meya, na mwenye nyumba halazimiki kumpa dada yake likizo, kwa sababu hajawahi kumwajiri."

Nilitumwa masjala kufungua Daftari la Undugu. Zawena alijaza fomu, akabandika picha mbili ndogo, akaweka dole gumba. Mstahiki Meya alitia sahihi mahali palipoandikwa Kaka. Nikagonga muhuri.

"Kwa hiyo likizo?" aliuliza Zawena.

"Ndugu hana likizo, Dada," alisema Wakili kwa upole. "Umewahi kuona mtu akachukua likizo kutoka kwenye ukoo?"

Zawena aliisoma ile karatasi kwa muda mrefu, akifuatisha mistari kwa kidole.

"Na huu undugu ni wa kweli, au wa kwenye karatasi?"

Wakili aliudhika kidogo. "Mama, katika jiji hili hakuna kitu cha kweli kuliko cha kwenye karatasi."

Zawena aliikunja nakala yake mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Sawa, Kaka," alisema, akaenda kumenya vitunguu. Mstahiki Meya alikohoa. Nadhani hakutarajia kuitwa hivyo mapema kiasi hicho.

*

Habari haikukaa. Ndani ya wiki mbili foleni ya kusajili undugu ilitoka masjala ikazunguka soko. Kila mwajiri alikuwa na watu wake nyuma, na mimi niligonga muhuri mpaka bega likafura. Mwenye kiwanda cha magodoro alisajili watu mia tatu na kumi na wawili kuwa watoto wa marehemu kaka yake. Kaka yake alikuja siku ya pili, mzima kabisa, kuuliza amefariki lini. Nilimtafutia kwenye faili nikamwonyesha tarehe, akaenda zake kwa huzuni.

Hata Halmashauri yenyewe haikubaki nyuma. Mimi sasa ni mtoto wa mama mdogo wa Mkurugenzi wa Jiji. Huyo mama mdogo hatumjui, si mimi wala yeye.

Taarifa ya robo mwaka ilipendeza sana. Malalamiko ya wafanyakazi, hakuna. Wafanyakazi waliofukuzwa, hakuna. Wafanyakazi, hakuna. Taratibu likawa jiji la kwanza duniani ambamo mfanyakazi hanyanyaswi hata kidogo, na Mstahiki Meya alialikwa nje ya nchi kueleza alivyofanikisha. Aliniambia nimwandalie maelezo mafupi. Niliandika ukurasa mmoja nikaona ni mrefu, nikaufuta.

Ila undugu, msomaji, una taratibu zake, na hizo hazikupitia kwenye baraza la madiwani.

Wale watoto wa marehemu, pale kiwandani, walianza kumwita mwenye kiwanda Baba Mdogo. Mwezi wa kwanza vijana thelathini na wanane walikuja ofisini kwake kumwarifu kwamba wamefikia umri wa kuoa, na kwamba kwa kuwa baba yao hayupo, wanamtegemea yeye kupeleka posa. Alipokataa walikaa chini kwa heshima na kumwuliza ni nani basi atakayepeleka. Kila Jumamosi sasa anavaa kanzu na kwenda kumposea mtu asiyemjua.

Mwenye mgahawa mmoja alikuta nafasi za dada na shangazi zimejaa kwenye fomu, akamsajili mpishi wake kuwa mama mkwe. Kwao mtu hamkaribii mama mkwe, hamtazami usoni, wala haingii anapopikia. Tangu siku hiyo hajaingia jikoni kwake. Akitaka kusema supu ina chumvi, anamwambia mteja, mteja anauambia ukuta.

Mwenye kampuni ya ulinzi ndiye aliyejiona mjanja kupita wote. Aliwasajili walinzi wake kuwa watani, akidhani utani ni undugu mwepesi usio na gharama. Asubuhi yake alipiga honi getini. Mlinzi alimtazama kuanzia unyweleni.

"Ee, limefika hili," alisema mlinzi. "Kichwa kama kibuyu cha togwa, kimenyolewa na nani? Rudi ulikotoka, hapa tunafungulia watu."

Alikwenda mahakamani kulalamika kwamba ametukanwa. Hakimu alimwuliza kama yule ni mtani wake. Alikubali kwamba ni mtani, muhuri upo. Hakimu akasema mtani hashtakiwi, akamwambia na yeye arudishe matusi yake kama ana akili ya kuyatunga. Hana. Bado anajifunza.

*

Siku ya posa ilifika, Jumamosi, saa nane mchana. Zawena alikuwa jikoni tangu alfajiri. Saa nne asubuhi simu yake ililia. Alikuwa jirani wa Sikujua, akisema uchungu umeanza, na kwamba binti anamwita mama yake.

Alikuja sebuleni mikono ina vitunguu saumu.

"Kaka, niruhusu niende. Basi la saa sita lipo."

"Baada ya wageni, Dada," alisema Mstahiki Meya, akijifunga tai. "Leo ni siku kubwa ya familia."

"Mwanangu yuko peke yake."

"Nitalishughulikia."

Nilimwona akirudi jikoni. Hakupiga kelele wala hakuvunja kitu, ila alipokaa kwenye ile mbuzi ya nazi mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Niliandika kwamba yalitetemeka. Ni yote niliyoweza kumfanyia, na naona haya kwa jambo hilo mpaka sasa.

Wageni waliwasili kwa magari manne, la mbele likiwa la Waziri lenye king'ora. Waziri hakuja, maana si desturi, ila alimtuma mshenga, Mzee Mbaruku, mtu wa kanzu nyeupe na fimbo nyeusi ambaye ameshaozesha nusu ya serikali. Alikaa, akasalimia, akauliza habari za kila mtu aliye hai. Kisha akatazama huku na huku.

"Wazazi tumewaona," alisema. "Shangazi wa binti yuko wapi?"

Mstahiki Meya ni mtoto pekee kwa baba yake na kwa mama yake.

"Hana shangazi, Mzee," alisema Mama Vika.

Mzee Mbaruku alitoa karatasi mfukoni. "Sisi hatuji kuposa bila kuuliza, mama. Tulipita masjala. Dada wa baba yupo, amesajiliwa, anaitwa Zawena, ana muhuri. Mnamficha kwa sababu gani? Ana maneno na huyu binti?"

Kila mtu alinitazama mimi, kana kwamba muhuri ulijigonga kwa ushauri wangu.

"Yuko jikoni," nilisema.

"Shangazi yuko jikoni siku ya posa?" Mzee Mbaruku aliinyanyua fimbo yake, akaiweka tena sakafuni taratibu. "Mwiteni. Bila shangazi mimi sifungui mdomo."

Zawena alikuja akijifuta mikono kwenye khanga. Hapakuwa na kiti. Mstahiki Meya alitazama viti vyote, vyote vina watu, akainuka mwenyewe. Zawena akakaa kwenye kochi kubwa la katikati, lile lenye kitambaa cha kufumwa ambacho yeye ndiye huwa anakifua.

"Shangazi," alisema mshenga, na sauti yake ilibadilika kabisa, "tumekuja kwako. Tumeona ua katika nyumba hii, tunaomba kulichuma. Unasemaje?"

Zawena alimtazama Vika aliyekuwa amesimama mlangoni kajipamba. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyemlea, na macho yake yalilowa.

"Kijana wenu nimemsikia, ni mwema," alisema. "Lakini posa leo sitaipokea."

Mama Vika alishika kifua.

"Nyumba hii ina mzazi," Zawena aliendelea. "Mwanangu Sikujua yuko kwenye uchungu saa hii, na hana mtu. Huyu," alimwonyesha Mstahiki Meya, "ndiye mjomba wake. Haiwezekani ukoo ukae hapa unakula pilau na kupokea posa, wakati binti yake mwingine analia peke yake. Nitakwenda, nitakaa naye mpaka atoke arobaini, kisha nitarudi tuzungumze. Kama kijana anamtaka Vika kweli, siku arobaini si nyingi."

"Dada," alisema Mstahiki Meya kwa sauti ndogo, "hebu tulizungumze hili pembeni."

"Kaka, ni wewe uliyetia sahihi," alisema Zawena. Alifungua pindo la khanga, akaitoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani kando ya bakuli la kachumbari.

Mzee Mbaruku alikuwa anatabasamu. Nadhani alikuwa hajakutana na shangazi wa namna hiyo kwa miaka mingi.

"Mmeusikia mdomo wa shangazi," aliwaambia watu wake. "Hatuna la kuongeza. Chukua gari la Waziri, mama. Basi litakuchelewesha."

Dereva alinisimulia baadaye. Anasema walikwenda na king'ora njia nzima, magari yakipisha, na yule mama akiwa nyuma amekumbatia kikapu. Walifika saa kumi na moja jioni. Mtoto alizaliwa nusu saa baadaye, wa kike, na bibi yake ndiye aliyemwogesha.

*

Siku arobaini zilikuwa ndefu nyumbani kwa Mstahiki Meya. Siku ya nne walikula mkate. Siku ya kumi na moja Mama Vika alipika wali, na wazima moto walikuwa wepesi kufika, nawapongeza. Mstahiki Meya alimwita Wakili Tabaruki na kumwambia autengue undugu.

Wakili alisoma sheria akiwa amesimama, na safari hii hakukaa.

"Mfanyakazi anafukuzwa kwa sababu ya maandishi," alisema. "Dada hana kifungu. Nimetafuta mpaka kwenye viambatisho. Dada hafukuzwi."

"Basi nimwajiri upya."

"Hilo linawezekana, akikubali."

Nikaagizwa kuandika mkataba. Uliandikwa vizuri kuliko mkataba wowote niliowahi kuuona: likizo, siku ya mapumziko, kiti, na kiti cha akiba.

Siku ya arobaini na moja Zawena alikuja. Hakupitia mlango wa nyuma. Alibisha hodi mbele, akiwa na Sikujua aliyebeba mtoto mgongoni, akakaribishwa, akakaa kwenye kochi lilelile. Mstahiki Meya alimkabidhi mkataba kwa mikono miwili.

"Weka hapo mezani, Kaka," alisema. "Nitausoma. Ndiyo kwanza nimetoka safari."

Aliutazama mkataba ukiwekwa mezani, kisha akatazama mlango wa jikoni.

"Humu ndani," aliuliza Zawena, "mgeni hapewi chai?"

Mama Vika alimtazama mumewe. Vika hakuwepo. Mstahiki Meya alisubiri kidogo, kwa mazoea, mtu ainuke. Kisha aliinuka yeye akaenda jikoni, nami nikamfuata na daftari, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Alichemsha maji. Aliliona kopo lililoandikwa Sukari, akachota vijiko viwili akatia, akaonja, akatema kwenye sinki.

"Sukari iko kwenye kopo lenye picha ya mtoto, Kaka," ilisema sauti kutoka sebuleni. "Lile la maziwa ya Vika."

Alilipata juu ya kabati. Kwa kuwa hakujua watu hutiaje, alilibeba kopo zima pamoja na chai akaliweka mbele yao. Sikujua alilichukua. Aliitazama ile picha ya mtoto mnene anayecheka, muda mrefu, akiwa amempakata mwanawe.

"Kumbe ndilo hili," alimwambia mama yake. "Mimi bibi alikuwa ananipa uji wa mtama."

Zawena alimchukua mtoto, akaanza kumbembeleza kwa wimbo ambao mimi niliwahi kuusikia katika nyumba ileile, zamani, akiimbiwa mwingine. Mstahiki Meya alibaki amesimama katikati ya sebule ameshika kijiko, kwa sababu viti vyote vilikuwa na watu.

Kisha alinigeukia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hilo la uji nisiliandike.

Nimeliandika.